India 1971, Marekani 1989, Urusi 2022: nani alikuwa na haki ya kuvuka mpaka wa jirani?

Tarehe 2 Machi 2022, wiki moja baada ya vifaru vya Urusi kuingia Ukraine, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuitaka Urusi iondoke. Nchi 141 zilikubali, 5 zilikataa, 35 hazikuegemea upande wowote. Sisi wa ukanda huu tuligawanyika. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilisema ndiyo. Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia. Mgawanyiko huo haukubaki New York. Ulishuka mpaka vijiwe vya kahawa na makundi ya WhatsApp, na hadi leo ukitaja Ukraine mbele ya watu watano hukosi ubishi. Mmoja atasema Urusi ilichokozwa na NATO, ikavumilia mpaka ikachoka. Mwingine atasema mwenye nguvu amemvamia jirani yake, hakuna la kujadili. Wa tatu atauliza: Marekani ilipofanya hayo hayo, mlikuwa wapi?

Swali la huyo wa tatu ni zuri. Ubaya ni kwamba wengi hulirusha kisha wakaondoka kabla ya jibu. Kama Marekani ilikosea, kosa lake haliwi kibali kwa Urusi. Na kama unaona Marekani ilikuwa na haki, eleza ni haki gani hiyo inayofika Washington isifike Moscow. Muuza nafaka mwenye jiwe moja la kununulia na jingine la kuuzia watu humwita mwizi, na katika mjadala huu mawe mawili yako mikononi mwa pande zote. Ndiyo maana nimeyaweka matukio matatu sambamba na kuyauliza maswali yale yale.

La kwanza ni India kuingia Pakistan Mashariki Desemba 1971, vita iliyozaa Bangladesh. La pili ni Marekani kuingia Panama tarehe 20 Desemba 1989 kumng'oa Jenerali Manuel Noriega. La tatu ni Urusi kuingia Ukraine tarehe 24 Februari 2022. Panama haipakani na Marekani kwa ardhi, lakini Washington imeihesabu Amerika ya Kati kuwa uani kwake kwa zaidi ya karne, na wakati ule tayari ilikuwa na kambi na maelfu ya askari kandokando ya mfereji. Kwa mjadala huu, huo ni ujirani wa kutosha.

Nisimfiche msomaji ninaposimama. Naona India ilikuwa na haki, pamoja na madoa yake. Marekani haikuwa nayo. Urusi haikuwa nayo hata kidogo. Nitaonyesha nilivyofika hapo, nawe uangalie kama ushahidi huo huo unakufikisha pengine.

Sheria peke yake haikuamulii

Wengi huanza na sheria, na sheria iko wazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, ibara ya 2, unakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya mipaka au uhuru wa nchi nyingine. Milango iliyoachwa ni miwili: idhini ya Baraza la Usalama, au kujilinda baada ya kushambuliwa, ambako ni ibara ya 51.

Tatizo ni kwamba mlango wa kwanza una bawabu mwenye maslahi. Mwaka 1971 Umoja wa Kisovieti ulipiga kura ya turufu, yaani kura moja inayotosha kuua azimio, zaidi ya mara moja kuikinga India. Tarehe 23 Desemba 1989 Marekani, Uingereza na Ufaransa zilipiga kura ya turufu kuikinga Marekani. Tarehe 25 Februari 2022 Urusi ilijikinga yenyewe. Mara zote tatu Baraza la Usalama lilifungwa mdomo, kwa hiyo ukimya wake hauthibitishi kwamba aliyeingia alikuwa na haki.

Ukihamia Baraza Kuu, ambako hakuna turufu, utakuta matokeo ya ajabu: wote watatu walishindwa. Kuhusu India, tarehe 7 Desemba 1971, nchi 104 zilitaka mapigano yasitishwe na majeshi yarudi, 11 zikapinga. Kuhusu Panama, tarehe 29 Desemba 1989, kura zilikuwa 75 kwa 20, na 40 zilijizuia. Kuhusu Ukraine, 141 kwa 5. Anayetaka kusema "dunia imeshaamua" anapaswa kukubali pia kwamba dunia iliihukumu India, tena kwa kura nyingi kuliko ilivyoihukumu Marekani. Mimi nazikataa zile kura 104, na ninadaiwa sababu.

Siku ya kuvuka mpaka, kwa jirani kulikuwa na nini?

Hapa ndipo nadhani uamuzi unapaswa kuanzia. Weka kando hotuba za marais. Uliza watu wa nchi iliyoingiliwa walikuwa katika hali gani siku hiyo.

Desemba 1970 Pakistan ilifanya uchaguzi mkuu. Chama cha Awami League cha Sheikh Mujibur Rahman kilishinda viti 160 kati ya 162 vilivyogombewa Pakistan Mashariki, na hivyo kupata wingi katika bunge la nchi nzima. Kwa haki, Mujib ndiye angekuwa waziri mkuu wa Pakistan. Rais wa kijeshi, Yahya Khan, aliahirisha bunge, na usiku wa tarehe 25 Machi 1971 jeshi liliingia mitaani Dhaka, mji mkuu wa Pakistan Mashariki. Chuo kikuu kilipigwa, mitaa ya Wahindu ilichomwa, Mujib akakamatwa. Tarehe 6 Aprili balozi mdogo wa Marekani mjini humo, Archer Blood, pamoja na wenzake walituma waraka wa kuilaumu serikali yao wenyewe kwa kunyamaza. Rais Nixon na mshauri wake Kissinger waliendelea kumuunga mkono Yahya, kisha Blood akaondolewa Dhaka.

Mauaji hayo yaliendelea miezi 9. Serikali ya Bangladesh inasema waliouawa ni milioni 3. Watafiti wengi wa nje wanataja idadi ndogo zaidi, lakini wengi wao wanabaki kwenye mamia ya maelfu. Wakimbizi wapatao milioni 10 walivuka kwenda India. Hebu fikiria milioni 10 ndani ya mwaka mmoja, katika nchi iliyokuwa ikihangaika kulisha watu wake. Waziri Mkuu wa India, Indira Gandhi, alizunguka miji mikuu ya Magharibi akiomba Pakistan ibanwe, akarudi mikono mitupu. Tarehe 3 Desemba ndege za Pakistan zikashambulia viwanja vya ndege vya India, na vita rasmi ikaanza.

India haikuwa malaika. Ilikuwa ikiwafunza na kuwapa silaha wapiganaji wa ukombozi wa Pakistan Mashariki, Mukti Bahini, kwa miezi kadhaa, na vikosi vyake vilikuwa vimeshavuka mpaka Novemba, kabla ya mashambulizi yale ya anga. Kuigawa Pakistan kulikuwa na faida ya wazi kwa Delhi, na mkataba wake wa Agosti 1971 na Umoja wa Kisovieti haukutiwa saini kwa ajili ya huruma. Yote hayo ni kweli, na hayafuti kilichokuwa kikitokea Dhaka. Mtu anaweza kuokoa watu huku akitafuta faida yake. Ninachouliza ni kama palikuwa na watu wa kuokolewa. Walikuwepo, kwa mamilioni.

Panama ni habari nyingine. Noriega alikuwa dikteta, hilo halina ubishi. Mei 1989 alifuta uchaguzi ambao Guillermo Endara alikuwa ameshinda, na wagombea wa upinzani wakapigwa hadharani. Alikuwa na mashtaka ya dawa za kulevya Florida tangu 1988. Lakini huyu huyu alikuwa amelipwa na shirika la ujasusi la Marekani kwa miaka mingi, na ubaya wake uligunduliwa alipoacha kutii. Siku 4 kabla ya uvamizi askari wa Panama walimuua afisa mmoja wa Marekani kwenye kizuizi cha barabarani. Ni uhalifu, tena mbaya, ila hapakuwa na mauaji ya halaiki wala msururu wa wakimbizi. Kifo cha afisa mmoja kilijibiwa na askari karibu 27,000, na mtaa wa walalahoi wa El Chorrillo, jirani na makao makuu ya Noriega, uliteketea kwa moto usiku huo huo.

Ukraine sasa. Putin alisema anawaokoa wakazi wa Donbas, yaani Donetsk na Luhansk mashariki mwa Ukraine, dhidi ya mauaji ya kimbari yaliyodumu miaka 8. Vita vya Donbas vilikuwepo kweli, na wanaojifanya havikuwepo wanaharibu hoja yao. Kuanzia 2014 hadi mwisho wa 2021 watu karibu 14,000 walikufa, wakiwemo raia zaidi ya 3,000, na waliouawa na makombora walikuwa pande zote mbili za mstari wa mapigano. Lakini wengi wa raia hao walikufa 2014 na 2015, vita ikiwa kali na Urusi ikiwa imeshaingiza silaha na watu wake. Kwa hesabu ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, raia waliouawa mwaka mzima wa 2021 hawakufika 30, na baadhi yao ni waliokanyaga mabomu ya ardhini. Tarehe 16 Machi 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague ilieleza kuwa haina ushahidi wowote wa mauaji ya kimbari hayo, na kwa kura 13 kwa 2 ikaiamuru Urusi isitishe operesheni yake.

Kwa hiyo kwenye swali hili tofauti ni kubwa mno. India ilivuka mpaka mauaji yakiendelea. Urusi ilivuka mpaka mapigano yakiwa yamepoa, ikaleta yenyewe vifo vilivyozidi kwa mbali vya miaka 8 yote iliyotangulia.

Nani aliita?

Wabangali, yaani watu wa Pakistan Mashariki, walikuwa na viongozi waliochaguliwa miezi michache tu kabla. Tarehe 17 Aprili 1971 viongozi hao waliapisha serikali kwenye kijiji kimoja karibu na mpaka wa India, wakaomba msaada waziwazi. Mujib alikuwa gerezani, lakini kura alizopata zilijulikana na kila mtu.

Panama iko katikati. Endara alikuwa ameshinda kweli, na aliapishwa kuwa rais ndani ya kambi ya Marekani saa chache kabla ya mashambulizi. Hakuomba uvamizi, aliambiwa unakuja. Wapanama wengi walishangilia Noriega kuanguka, na anayeificha furaha hiyo anapotosha. Hata hivyo Jumuiya ya Nchi za Amerika, yenye serikali kadhaa zilizomchukia Noriega, ililaumu uvamizi huo, na Marekani ndiyo pekee iliyopinga azimio hilo.

Kwa Ukraine, walioita ni viongozi wa Donetsk na Luhansk, maeneo ambayo Urusi yenyewe iliyatambua kuwa nchi tarehe 21 Februari, siku 3 kabla ya kuingia. Ukimtambua mtu Jumatatu ili akualike Alhamisi, mwaliko huo ni wako mwenyewe. Serikali ya Kyiv ilitokana na uchaguzi wa 2019 ambao Volodymyr Zelensky alishinda kwa asilimia 73, akipata kura nyingi hata mikoa ya mashariki na kusini wanakozungumza Kirusi. Urusi ilisema imekuja kuing'oa serikali ya Kinazi. Rais huyo ni Myahudi. Na Machi 2022 wakazi wa Kherson, mji ambao Kirusi husikika kila kona, waliandamana mitaani mbele ya askari wa Urusi wakiwataka waondoke.

Hoja ya NATO, kwa uzito wake

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa Urusi, na inastahili kusikilizwa hadi mwisho. Vita Baridi vilipoisha, Urusi iliona muungano wa kijeshi ulioundwa dhidi yake ukisogea mashariki: Poland, Hungary na Jamhuri ya Cheki mwaka 1999, kisha nchi nyingine 7 mwaka 2004, zikiwemo 3 zilizokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1990, kwenye mazungumzo ya kuunganisha Ujerumani, waziri wa mambo ya nje wa Marekani James Baker alimwambia Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, kwa mdomo kwamba NATO haitasogea. Hakuna mkataba ulioandika hivyo, lakini maneno yalitamkwa. Aprili 2008 kule Bucharest NATO ikatangaza kwamba Ukraine na Georgia siku moja zitakuwa wanachama. Wanaotetea Urusi huongeza kwamba Marekani nayo ilikuwa tayari kuingia vitani mwaka 1962 kwa sababu ya makombora ya Kisovieti Cuba. Kwa nini Urusi ivumilie kile ambacho Marekani haikuvumilia?

Naikubali hofu hiyo kuwa ya kweli. Nchi iliyovamiwa na Napoleon na Hitler haihitaji kufundishwa kuogopa upande wa magharibi. Pia naamini tangazo la Bucharest lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu liliitia Urusi hasira bila kuipa Ukraine ulinzi wowote. Lakini ukiifuata hoja hii hatua kwa hatua inakatika mahali patatu.

Kwanza, Urusi ilipoichukua rasi ya Crimea kutoka Ukraine mwanzoni mwa 2014, Ukraine ilikuwa nchi isiyofungamana na muungano wowote kwa sheria yake yenyewe, iliyopitishwa 2010. Ilifuta sheria hiyo Desemba 2014, baada ya kunyang'anywa ardhi. Anayesema Ukraine ilikimbilia NATO ndipo ikapigwa ameupindua mfuatano wa mambo.

Pili, miaka 14 baada ya Bucharest, Ukraine haikuwa hata imepewa mpango wa kuandaliwa uanachama. Hatari iliyotajwa ilikuwa ya baadaye, na haki ya kujilinda haikupi ruhusa ya kuua leo kwa jambo linaloweza kutokea miaka 20 ijayo. Mgogoro wa Cuba wenyewe, ambao silaha zake za nyuklia zilikuwa zimeshafika kisiwani, ulimalizwa kwa mazungumzo: makombora yaliondolewa, Marekani ikaahidi kutoivamia Cuba, na kimyakimya ikaondoa makombora yake Uturuki.

Tatu ni Finland. Ina mpaka na Urusi wa karibu kilomita 1,340. Ilijiunga na NATO Aprili 2023, kwa woga uliotokana na vita hii hii, na urefu wa mpaka wa NATO na Urusi ukaongezeka zaidi ya mara mbili. Urusi ilinung'unika, haikupeleka vifaru Helsinki. Kama kuwa na NATO mlangoni ndiko kusikovumilika, mbona Finland imevumilika?

Na kuna jambo ambalo watetezi wa Urusi hulipita haraka. Ukraine ilirithi akiba ya tatu kwa ukubwa duniani ya silaha za nyuklia. Tarehe 5 Desemba 1994, mjini Budapest, ilikubali kuziachia, na Urusi, Marekani na Uingereza zikatia saini kuheshimu mipaka yake. Nchi iliyosalimisha silaha kwa ahadi hiyo ndiyo leo inaambiwa ilikuwa tishio.

Historia na undugu

Julai 2021 Putin alichapisha makala ndefu akidai Warusi na Waukraine ni watu wamoja na kwamba mipaka ya Ukraine ni zao la Wabolsheviki. Kihistoria yapo mengi ya kweli ndani yake; Kyiv kweli ni chimbuko la mataifa yote mawili. Ila mwaka 1991, tarehe 1 Desemba, zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura wa Ukraine walichagua kuwa nchi huru, na hata Crimea waliokubali walizidi nusu.

Mwafrika haipokei hoja hii kama mgeni. Jioni ya 21 Februari 2022, balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, aliliambia Baraza la Usalama kwamba mipaka yetu ilichorwa London, Paris na Lisbon bila kujali mataifa yaliyokatwa vipande. Akaeleza kuwa Afrika ilikubali kuishi nayo, kwa sababu kuitafuta nchi ya kabila moja kungetuacha tunapigana mpaka leo. Wamaasai wako Kenya na Tanzania, Wamakonde wako kingo zote za Ruvuma, Wasomali wako nchi nne. Azimio la Cairo la Julai 1964, ambalo Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kulipendekeza, lilizifunga nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuheshimu mipaka ya siku ya uhuru. Kwa hoja hii sina la kuongeza juu ya aliyosema Kimani.

Na Kagera?

Tanzania si dola kubwa, lakini hakuna Mtanzania atakayemaliza mjadala huu bila kuulizwa: sisi hatukuingia Uganda? Tuliingia. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, yakaua, yakapora, na tarehe 1 Novemba Amin akalitangaza kuwa sehemu ya Uganda. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere akawaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo.

Kumtoa Kagera kulikuwa kujilinda, na hapo hapana ubishi. Ubishi ni kwenda mpaka Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kwenye mkutano wa viongozi wa Afrika mjini Monrovia Julai mwaka ule, Nigeria na Sudan ziliilaumu Tanzania kwa hilo. Lawama hiyo ilikuwa na mantiki, na tusiifute kwa sababu ni yetu. Masaka na Mbarara ziliharibiwa vibaya, na uchaguzi wa Uganda wa Desemba 1980 uliomrudisha Obote uligubikwa na malalamiko huku majeshi yetu yakiwa bado huko.

Hata hivyo pima kwa maswali yale yale. Tulishambuliwa kwanza. Amin hakuwa ameacha, na askari wa Gaddafi walikuwa wamekuja kumsaidia. Waganda wenyewe walipigana upande wetu, na viongozi wao walikutana Moshi Machi 1979 kuunda serikali. Kufikia 1981 askari wetu walikuwa wamerudi, na hakuna hata hekta moja ya Uganda iliyobaki kuwa Tanzania. Kagera inafanana na 1971. Kuilinganisha na 2022 ni kumweka Nyerere mahali pa Amin, maana aliyevuka mpaka na kutangaza ardhi ya jirani kuwa yake hakuwa Nyerere.

Alipomaliza, aliondoka?

Ningelazimika kubaki na swali moja tu, ningebaki na hili. Nia haionekani, na kila mwenye jeshi hudai nia njema. Kuondoka kunaonekana.

Pakistan ilisalimu amri Dhaka tarehe 16 Desemba 1971, siku 13 baada ya vita kuanza, na mateka wapatao 93,000 wakaangukia mikononi mwa washindi. Mujib alirudi Januari 1972. Machi 1972 askari wa India waliondoka. Walikuwa wameishika nchi nzima, hawakubakiza wilaya.

Wanajeshi wa ziada wa Marekani waliondoka Panama mwanzoni mwa 1990, na mfereji ulikabidhiwa tarehe 31 Desemba 1999 kama mkataba wa Carter na Torrijos ulivyosema. Hilo naiandikia Marekani upande wa mema, na ndilo linaloitofautisha na Urusi. Halirudishi waliokufa, na idadi yao inabishaniwa hadi leo. Mwaka 2022 Panama iliifanya 20 Desemba kuwa siku ya maombolezo ya kitaifa.

Urusi, tarehe 30 Septemba 2022, ilitangaza kuinyakua mikoa minne: Donetsk, Luhansk, Zaporizhzhia na Kherson, ikiwemo sehemu ambazo haikuwa imezishika. Mji wa Zaporizhzhia haujawahi kuingia mikononi mwake. Mji wa Kherson ilikimbia Novemba, wiki 6 baada ya kuutangaza kuwa wake milele. Aliyekuja kuokoa watu hana sababu ya kubeba ardhi yao.

Kama unachagua msimamo

Ukiamini kwamba mipaka haivukwi kwa sababu yoyote, msimamo wako ni safi, ila gharama yake ukubali: ungewaambia Wabangali milioni 10 wasubiri, na ungemsimamisha Nyerere kwenye mpaka wa Mutukula. Mimi siwezi kuilipa.

Ukiamini kwamba dola kubwa ina haki ya kulinda uani wake, basi umeikubali Panama pamoja na Ukraine, huwezi kuchukua moja. Umekubali pia kwamba nchi ndogo haina uamuzi wake, na sote tunaosoma Kiswahili tunaishi katika nchi ndogo au tumetoka huko. Wasomaji wa Goma wanajua hii ina maana gani. Rwanda inasema kundi la FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda walioko Kongo, linatishia usalama wake, na hofu hiyo ina historia ya kweli na ya kutisha. Bado Februari 2025, baada ya waasi wa M23 kuichukua Goma, Baraza la Usalama kwa azimio namba 2773 liliitaka Rwanda iondoe majeshi yake Kongo. Anayeipa Urusi kibali kwa hoja ya usalama wa jirani ajiandae kuisikia hoja hiyo hiyo ikisemwa juu ya Kivu.

Ukiamini, kama mimi, kwamba mlango upo lakini ni mwembamba, yaani watu wanaangamizwa, wao wenyewe wameita, njia nyingine zimejaribiwa, na anayeingia anatoka bila kubeba kitu, basi 1971 inapita kwa taabu, 1989 inakwama, na 2022 haikaribii hata kizingiti.

Wamebaki wanaotaka kutokuwa na upande. Sababu zao nazielewa: urafiki wa siku za ukombozi, ambao Moscow ilitoa silaha wakati wengine wakifanya biashara na makaburu, na pia ngano, mbolea na mafuta vilivyopanda bei mara moja. Kura ya Machi 2022 ilikuwa juu ya vita nzima na sababu zake, na mtu angeweza kusema ana wasiwasi na pande zote. Bangladesh, nchi iliyozaliwa kwa jeshi la jirani kuvuka mpaka, ilijizuia siku hiyo. Lakini tarehe 12 Oktoba swali lilikuwa jingine: je, ile mikoa minne inaweza kuchukuliwa kwa nguvu? Bangladesh ikapiga kura ya kupinga unyakuzi huo, pamoja na nchi nyingine 142. Tanzania, iliyolipendekeza lile azimio la Cairo na kumfukuza Amin kutoka Kagera, ilijizuia tena. Kwa swali hilo la pili nimetafuta sababu ya kujizuia, na sijaiona.